Mtihani wa Mafumbo na Nguvu ya Mchezaji

Waisukha na Waidakho, jirani wa mji wa Kakamega, wana desturi ya zamani ya kupiganisha mafahali. Siku ya mapambano watu hukusanyika uwanjani asubuhi mapema, isukuti zikilia, na wenye mafahali huja na wanyama wao kwa nyimbo na vifijo. Kabla ya siku hiyo maneno huwa mengi. Wajuzi hulizunguka zizi wakatazama unene wa shingo, ncha za pembe, upana wa kifua na wepesi wa kwato, kisha wakatoa hukumu yao. Hukumu hiyo si upuuzi, kwa kuwa hutolewa na watu waliofuga ng'ombe tangu utotoni. Lakini si mara moja wala mbili ambapo fahali aliyesifiwa zizini amegeuza mgongo na kutimua mbio mbele ya fahali ambaye hakuna aliyemtaja. Hapo ndipo watu hukumbuka ile methali isemayo: Umdhaniaye ndiye, kumbe siye.

Basi kuna namna mbili za kuipima nguvu. Ya kwanza ni kutazama dalili chache zilizochaguliwa, au kuuliza maswali machache ambayo majibu yake yanajulikana. Ya pili ni kumwacha mwenye kupimwa ashindane, kisha kuhesabu kushinda na kushindwa kwake. Namna ya kwanza ni ya haraka, na gharama yake ni ndogo. Ya pili huchukua muda na huchosha. Swali la insha hii ni kama namna ya kwanza yaweza kuaminiwa itueleze yale ambayo ya pili ingetueleza. Swali hilo limechunguzwa kwa makini sana katika historia ya mashine zichezazo sataranji, na kwa sababu hiyo tutaifuata historia hiyo. Lakini msomaji asidhani kwamba habari hii ni ya mashine peke yake. Mwanafunzi wa Shieywe, mjini Kakamega, naye hupimwa kwa maswali machache ambayo majibu yake yanajulikana, na njia ya maisha yake hutegemea kipimo hicho.

Sataranji ni mchezo wa kale. Ulizaliwa Bara Hindi, ukapita Uajemi, ukachukuliwa na Waarabu, na jina lake la Kiswahili limetokana na lile la Kiarabu. Huchezwa na watu wawili juu ya ubao wenye miraba 64, kila mmoja akiwa na kete 16: mfalme, malkia, ngome mbili, maaskofu wawili, farasi wawili na askari wanane. Mshindi ni yule amzingiraye mfalme wa mwenzake asipate pa kukimbilia. Sheria zake mtu aweza kujifunza kwa siku moja, lakini njia za mchezo hazina hesabu. Mwaka 1950 mtaalamu wa Marekani aitwaye Claude Shannon alichapisha makala juu ya namna ya kuifundisha mashine ya hesabu kucheza sataranji. Katika makala hayo alikadiria kwamba michezo iwezekanayo yaweza kufika idadi iandikwayo kwa moja na kufuatwa na sifuri 120. Hakuna mashine iwezayo kuipitia yote. Kwa hiyo mashine, kama mwanadamu, yapasa kutazama hatua chache mbele, kisha kukadiria ni nani aliye katika hali njema.

Huko Uingereza Alan Turing alikuwa na wazo kama hilo. Yeye na rafiki yake David Champernowne walitunga kanuni za kuchezea mwaka 1948, lakini mashine ya kuzitumia haikuwapo. Mwaka 1952 Turing alijigeuza mwenyewe kuwa mashine: alikaa na kalamu na karatasi, akazifuata kanuni zake hatua kwa hatua, akacheza na mwenzake Alick Glennie. Mchezo ulikwisha katika hatua ya 29, na kanuni za Turing zikashindwa. Tuangalie jambo moja hapa. Turing hakuziuliza kanuni zake mafumbo. Alizipeleka uwanjani, na uwanja ukatoa jibu, ingawa mchezo mmoja tu ni ushahidi mdogo.

Mwaka 1967 programu ya Richard Greenblatt, iliyoitwa Mac Hack, iliingizwa katika mashindano ya watu huko Massachusetts. Katika mashindano yake ya kwanza ilishindwa mara nne na kutoka sare mara moja. Haikuwa na la kujivunia, lakini ilipata kitu ambacho hakuna programu iliyokuwa imekipata: ilipewa daraja rasmi, sawasawa na mchezaji yeyote wa klabu. Daraja hilo lilikuwa limebuniwa na Arpad Elo, profesa wa fizikia aliyezaliwa Hungaria na kufundisha katika mji wa Milwaukee. Chama cha sataranji cha Marekani kilikubali mfumo wake mwaka 1960, na chama cha dunia mwaka 1970. Maana yake si ngumu. Kila mchezaji ana idadi ya pointi. Wawili wenye pointi sawa hutazamiwa kugawana ushindi nusu kwa nusu. Mmoja akimzidi mwenzake kwa pointi 200, hutazamiwa kupata takriban alama 76 katika kila michezo 100. Akipata zaidi ya alivyotazamiwa, pointi zake hupanda; akipata pungufu, hushuka. Mfumo huo haumwulizi mchezaji anajua nini. Humwuliza amemshinda nani.

Lakini kipimo cha uwanjani kina taabu zake. Mchezo mmoja wa mashindano ulichukua saa nne au tano, na pengine zaidi. Katika miaka ile kompyuta zilikuwa kubwa kama chumba, wenye kuzitaka walikuwa wengi, na kila saa ilikuwa na bei yake. Mtaalamu aliyebadili kanuni moja jioni alitaka kujua kabla ya kulala kama programu yake imeimarika au imeharibika. Asingeweza kungoja michezo mia. Ndipo ilipopata nguvu fikira ya mafumbo ya mtihani: kupanga kete ubaoni katika hali fulani iliyochaguliwa, kuipa programu dakika chache, na kutazama kama italiona jibu. Mafumbo thelathini yaweza kumalizika kwa saa moja, na mwisho wake mtu hupata alama iliyo wazi.

Namna hiyo ilikuwa imetumika zamani kwa wanadamu. Mwanasaikolojia wa Uholanzi Adriaan de Groot, katika kitabu chake cha mwaka 1946, aliwawekea mabingwa na wachezaji wa kawaida hali zile zile za ubao ili ajue wanavyofikiri. Aliwaonyesha pia ubao kwa sekunde chache na kuuondoa. Mabingwa waliweza kuzipanga kete upya karibu bila kosa, na wengine hawakuweza. Mwaka 1973 Wamarekani William Chase na Herbert Simon walilirudia jaribio hilo, wakaongeza jambo moja: walizitawanya kete ovyo, katika hali ambayo haiwezi kutokea mchezoni. Mara ile tofauti kati ya bingwa na mwanagenzi ilikaribia kutoweka. Bingwa hakuwa na kumbukumbu kubwa kuliko watu wengine. Alikuwa na mazoea ya michezo ya kweli. Jaribio lile lile lilipima ujuzi lilipofanana na mchezo, na lilipoacha kufanana nao halikupima ujuzi tena.

Kitabu kilichotumiwa mara nyingi kuzijaribu programu ni kile cha Mmarekani Fred Reinfeld chenye mafumbo 300 ya kushinda kwa werevu. Lakini mtihani uliotungwa kwa makusudi ya kisayansi, na ukapata sifa kuliko mingine, ni wa Ivan Bratko wa Slovenia na Danny Kopec wa Marekani, uliochapishwa mwaka 1982. Una mafumbo 24, na kila fumbo hupewa dakika mbili. Mpimwaji huandika hatua aionayo kuwa bora, na akipenda ataja nyingine hadi nne kwa jumla: jibu sahihi likiwa la kwanza hupata alama kamili, likiwa la pili nusu, la tatu thuluthi, la nne robo. Mafumbo 12 ni ya mapigo ya ghafla, ambapo mwenye kuhesabu vizuri hunyakua kete au humzingira mfalme. Mengine 12 hayana pigo lolote. Hayo hutaka mtu amsogeze askari mmoja mahali panapofaa ili avunje safu ya askari wa adui, na faida yake huonekana baada ya hatua nyingi.

Bratko na Kopec waliwapima watu wa madaraja mbalimbali na programu pia. Watu walipata alama zisizotofautiana sana katika makundi yote mawili: aliyekuwa hodari kwa mapigo alikuwa hodari kwa askari vilevile. Programu hazikuwa hivyo. Katika mapigo zilishindana na watu vizuri. Katika mafumbo ya askari zilibaki nyuma. Matokeo hayo yalikuwa na thamani, kwa kuwa yalionyesha udhaifu ulipo. Lakini yalionyesha pia hatari. Kama mtihani ungekuwa na mafumbo ya mapigo tu, programu ingetoka na alama ya bingwa, hali haikuwa bingwa. Kwa mwanadamu sehemu moja ya ujuzi ilikuwa dalili ya sehemu nyingine. Kwa mashine dalili hiyo ilivunjika, maana mashine haikujifunza kwa njia waliyojifunza watu.

Wakati huohuo Ken Thompson, aliyekuwa ameiunda mashine iitwayo Belle, alishika njia nyingine. Alichukua mashine yake akaigawa katika namna mbalimbali: moja iliruhusiwa kutazama hatua tatu mbele, nyingine nne, nyingine tano, na kuendelea, kisha akazishindanisha zenyewe kwa zenyewe. Aliona kwamba kila hatua moja iliyoongezwa iliipa mashine kama pointi 200 za Elo au zaidi. Kazi hiyo ilihitaji michezo mingi, lakini jibu lake halikuhitaji kufasiriwa. Mwaka 1983 Belle ikawa mashine ya kwanza kupewa cheo cha ustadi na chama cha sataranji cha Marekani.

Kisha biashara ikaingia. Katika miaka ya 1980 na 1990 mashine na programu za sataranji ziliuzwa madukani Ulaya na Marekani, na mnunuzi alitaka kujua iliyo bora. Ikatungwa mitihani mingi ya mafumbo, na baadhi ya watungaji wakaweka kanuni ya kugeuza majibu kuwa pointi za Elo. Mmoja wapo ni ule wa Wajerumani Hubert Bednorz na Fred Tönissen, wenye mafumbo 30, uitwao BT2630. Idadi hiyo ya jina lake ndiyo dari yake: programu ijibuyo yote mara moja haiwezi kupewa zaidi ya 2630. Leo programu bora hukadiriwa kuwa na zaidi ya pointi 3500, na mbele yao mtihani huo ni kama kijiti cha futi moja kinachopelekwa kupima kina cha ziwa. Huko Sweden, tangu mwaka 1984, wapenzi wa sataranji walitoa orodha ya namna nyingine: walizicheza programu moja kwa nyingine, kwa mwendo wa mashindano, mamia ya michezo, wakatangaza pointi na kiasi ambacho pointi hizo zaweza kukosea. Orodha mbili za namna hizo zilipowekwa pamoja, hazikuafikiana kila mara. Programu iliyong'aa kwa mafumbo iliweza kupitwa mchezoni na nyingine iliyofumbua machache.

Kwa nini ikawa hivyo? Sababu ya kwanza ni kwamba fumbo humwambia mpimwaji siri ambayo mchezo haumwambii. Likiwekwa fumbo mbele yako, umekwisha kujua kwamba pana kitu cha kutafutwa. Mchezoni hakuna akugusaye bega na kukuambia kwamba sasa ndiyo saa. Hatua nyingi za mchezo hazina pigo la ajabu. Hutaka subira, na kutofanya kosa dogo. Wengi wameshindwa sataranji bila ya kukosa fumbo hata moja, kwa kuongeza tu kosa dogo juu ya kosa dogo.

Sababu ya pili ni uchaguzi. Mafumbo huchaguliwa na mtu, na mtu huchagua yale yampendezayo: kumtoa malkia kafara, farasi kuruka mahali pasipotazamiwa. Mambo hayo ni mazuri, lakini ni nadra. Kumjua mchezaji kwa mafumbo ya aina hiyo ni kama kuujua msitu wa Kakamega kwa maua yaliyochumwa mezani.

Sababu ya tatu ndiyo mbaya kupita zote. Mtihani ukishajulikana, huacha kupima. Mwenye programu aliyeona kwamba wanunuzi husoma alama za mafumbo aliweza kuzirekebisha kanuni zake mpaka mafumbo hayo yafumbuliwe upesi, hata kama kwa kufanya hivyo mchezo wake ulidhoofika. Haikuwa lazima awe mdanganyifu. Mtu ajaribuye mabadiliko mia kwa mafumbo 30 yale yale, akishika yale yaletayo alama na kuacha mengine, mwisho atapata programu inayoyajua mafumbo 30. Mwamba ngoma ngozi huivuta kwake.

Sababu ya nne ni ya hesabu. Mafumbo 24 ni machache. Programu moja ikipata 18 na nyingine 16, tofauti hiyo yaweza kuwa ya bahati tu. Mafumbo mawili mengine yangeweza kuigeuza. Tena watungaji wenyewe walikosea mara kwa mara. Kompyuta zilipopata nguvu ziligundua kwamba baadhi ya majibu yaliyoandikwa vitabuni hayakuwa bora, na mpimwaji aliyeona mbali kuliko mtungaji alihesabiwa kuwa amekosa.

Hata hivyo tusiusifu uwanja kupita kiasi, maana nao hudanganya wale wasiojua kuhesabu. Chukua wachezaji wawili walio sawa kabisa, wacheze michezo 10 isiyo na sare. Nafasi ya mmoja aliyetajwa mapema kupata ushindi 6 au zaidi ni 386 katika 1024, yaani zaidi ya thuluthi moja. Basi anayesema, "Fulani amemshinda mwenzake sita kwa nne, kwa hiyo ni bora," hajasema kitu. Katika michezo 100 isiyo na sare, kiasi cha kukosea hubaki kama pointi 70 juu au chini. Katika michezo 10,000 hushuka kufikia kama pointi 7. Ukitaka kipimo kilicho sahihi mara kumi, yapasa uongeze michezo mara mia. Hilo ndilo gharama ya ukweli, na watu wengi hawako tayari kuilipa.

Tazama mapambano mashuhuri kuliko yote. Mwezi wa Februari 1996 Garry Kasparov, bingwa wa dunia, aliishinda mashine ya Deep Blue kwa alama 4 kwa 2. Mwezi wa Mei 1997 mashine hiyo, ikiwa imeimarishwa na kuweza kutazama hali milioni 200 kwa sekunde moja, ilimshinda kwa alama 3½ kwa 2½. Dunia nzima ikatangaza kwamba mashine imempita mtu. Baadaye mambo yalithibitisha hivyo, lakini michezo sita yenyewe haikuthibitisha. Tena mwezi wa Desemba 2017 ilitangazwa habari ya AlphaZero ya kampuni ya DeepMind ya London, programu iliyojifundisha kwa kucheza na nafsi yake. Ilicheza michezo 100 na programu ya Stockfish, ikashinda 28, ikatoka sare 72, isishindwe hata mmoja. Wajuzi walilalamika kwamba masharti ya pambano, muda wa kufikiri na mengineyo, hayakuwa ya haki kwa Stockfish. Mwaka 2018 yakachapishwa matokeo ya michezo 1,000 kwa masharti mengine: AlphaZero ilishinda 155, ikashindwa 6, na iliyobaki ikawa sare. Ubora wake ulibaki, bali umbali kati yao ulionekana kuwa mdogo kuliko ulivyodhaniwa. Basi uwanja nao una masharti yake, na apimaye hana budi kuyataja.

Wenye Stockfish, ambayo hutolewa bure kwa kila mtu, wamelikubali somo hili tangu mwaka 2013. Badiliko lolote linalopendekezwa, hata likiwa la mstari mmoja, hupelekwa kwenye kompyuta za watu wa kujitolea duniani kote. Hapo programu mpya na ya zamani huchezeshwa maelfu kwa maelfu ya michezo, mpaka hesabu ionyeshe wazi kwamba mpya inafaa au haifai. Kanuni ya kujua wakati wa kuacha ilitungwa na Abraham Wald wakati wa Vita Kuu ya Pili kwa ajili ya kukagua bidhaa za kiwandani. Mabadiliko mengi yaliyoonekana mazuri kwa macho ya wataalamu yamekataliwa kwa njia hiyo. Huko hakuna anayeamua kwa kuvutiwa na fumbo moja lililofumbuliwa vizuri.

Je, mafumbo yatupwe? La. Daktari hamtupi mgonjwa wake katika mbio za maili kumi ili ajue kama mguu wake umevunjika. Fumbo hufaa kutafuta ugonjwa. Programu ikishindwa mara kwa mara kuona kwamba mchezo fulani wa mwisho ni sare, fumbo litamwonyesha mtaalamu mahali pa kutengeneza. Hufaa pia kwa mwanafunzi wa sataranji anayejifunza kuona mapigo. Kosa si kulitumia fumbo. Kosa ni kuichukua alama yake na kuiita nguvu ya mchezaji.

Huku kwetu Afrika Mashariki tuna mchezo wetu unaotoa ushahidi ule ule. Bao la Kiswahili lina mashimo 32 na kete 64, na hatua moja yaweza kuzunguka ubao ikila na kupanda tena mpaka mtazamaji apotewe na hesabu. Mholanzi Alexander de Voogt aliwachunguza mabingwa wa Zanzibar, na kitabu chake juu ya ubingwa wa bao kilitoka Leiden mwaka 1995. Lakini ubingwa wa watu wale haukutokana na uchunguzi wake. Ulikwisha kujulikana barazani, kwa miaka mingi ya kukaa mbele ya bao, kuwafunga wengine na kufungwa, mbele ya mashahidi wasiosahau. Mtaalamu alikuja kuuliza ubingwa huo umejengwa na nini. Hakuja kuutoa wala kuuondoa.

Sasa turudi kwa mwanafunzi. Kenya baada ya uhuru ilikuwa na mtihani wa mwisho wa shule ya msingi ulioitwa CPE, wa karatasi tatu: Kiingereza, hesabu na maarifa ya jumla, kwa maswali ya kuchagua jibu. Nafasi za sekondari zilikuwa chache, na karatasi hizo ndizo zilizotenga watakaoendelea na watakaorudi nyumbani. Katika miaka ya 1970 Anthony Somerset, aliyefanya kazi na Wizara ya Elimu, aliyachunguza maswali yenyewe. Aliona kwamba mengi yalitaka mambo yaliyokaririwa, na machache yalitaka kufikiri. Basi walimu walifundisha kukariri, kwa kuwa ndiko kulikolipa. Marekebisho yakafanywa: yaliongezwa maswali ya kufikiri na ya maisha ambayo mtoto wa kijijini huyajua kama wa mjini, na shule zikapelekewa maelezo ya mahali ambapo wanafunzi wengi walikosea na kwa nini. Hilo la mwisho ndilo matumizi bora ya fumbo tuliyoyataja: kutafuta ugonjwa ili utibiwe.

Mwaka 1985 CPE ilifuatwa na KCPE, mtihani ulioendelea hadi mwaka 2023. Kwa karibu miaka arobaini watoto wa Shieywe, kama wenzao wa nchi nzima, walikwenda mtihani kwa siku chache, na alama zao zikawapeleka shule za kitaifa au kuwaacha njiani. Maradhi yale ya programu za sataranji yaliingia madarasani. Karatasi za miaka iliyopita zilirudiwa na kurudiwa, mpaka mtoto akajua namna ya swali kabla ya kujua jambo lenyewe. Mtoto aliyekuwa na homa asubuhi ile alipimwa homa yake. Aliyezidiwa kwa alama mbili alihesabiwa kuwa dhaifu kuliko mwenzake, ingawa kwa hesabu tuliyoiona alama mbili si kitu.

Mtaala mpya umejaribu kuyagawa mamlaka ya siku ile moja. Mtihani wa mwisho wa darasa la sita ulifanywa mara ya kwanza mwaka 2022. Mwaka 2025 wanafunzi wa kwanza walipomaliza sekondari ya chini, matokeo yao yalipangwa yatoke katika sehemu tatu: asilimia 20 kutoka mtihani wa darasa la sita, asilimia 20 kutoka kazi za shuleni, na asilimia 60 kutoka mtihani wa mwisho. Kupima mara nyingi na kwa njia mbalimbali ni hatua ya kuelekea uwanjani.

Lakini wako wautetezi wa mtihani, na hoja yao ni nzito. Husema: karatasi haina shangazi wala mjomba. Alama ikitolewa na mwalimu peke yake, yaweza kumfuata mtoto wa rafiki. Mtoto wa mama muuza ndizi sokoni Kakamega hana wa kumsemea, ila karatasi isiyomjua mtu. Hoja hiyo ni ya kweli, nasi hatuwezi kuipuuza. Ndiyo maana hata wenye sataranji hawakukubali maneno ya mwenye programu juu ya programu yake, bali walitaka hesabu zinazoweza kukaguliwa na kila mtu. Dawa ya fumbo moja haikuwa kurudi kwenye maneno ya watu. Ilikuwa kuongeza mapambano, na kutangaza wazi kiasi ambacho kipimo chaweza kukosea.

Basi jibu la swali letu ni hili. Mafumbo ya mtihani hupima kwa kweli uwezo wa kufumbua mafumbo ya aina ile. Nguvu ya mchezaji hukaribia kujulikana kwa michezo mingi, dhidi ya wapinzani wengi, kwa masharti ya haki. Pale ambapo hatuna nafasi ya michezo mingi, na katika maisha ya nchi aghalabu hatuna, tutumie mtihani kwa unyenyekevu: tuubadilishe mara kwa mara usije ukakaririwa, tuwe na vipimo kadhaa badala ya kimoja, na tofauti ndogo tusiifanye ukuta kati ya watu. Na wewe msomaji, siku utakapopokea karatasi yenye alama zako, ziwe nyingi au chache, isome kama mtaalamu asomavyo matokeo ya mafumbo 24. Itakuonyesha ulipokosea, ukatengeneze. Haikuambii ni michezo mingapi utakayoshinda, kwa kuwa michezo hiyo bado hujaicheza.